Jipsofila inaponyauka, inapogoma kuchanua au inapolala chini: kutafuta chanzo kuanzia shingoni

Mtu anayeikuta jipsofila yake, ule mmea wa bustani wenye maua madogo meupe mengi, imelegea asubuhi mara nyingi hukimbilia kopo la maji, na kosa kubwa kuliko yote katika utunzaji wa mmea huu huanzia hapo. Kulegea kwa majani huonyesha kwamba maji hayafiki juu, lakini hakuonyeshi kwa nini hayafiki: huenda udongo umekauka, na huenda pia mizizi imeoza kwa maji mengi kiasi kwamba haiwezi tena kufyonza hata tone lililoizunguka. Dalili ni moja, sababu ni mbili zinazopingana, na tiba ya moja huumaliza mmea wenye nyingine. Ndiyo maana hapa tunaanza na kile kinachoonekana kwa jicho, kisha tunashuka hadi kwenye chanzo, ambacho kwa jipsofila mara nyingi kimejificha chini ya udongo, pale shina linapokutana na mzizi, yaani shingoni.

Jina Gypsophila limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya jasi, au udongo mweupe wa chokaa, na kupenda. Jina hilo linaeleza nusu ya tabia ya mmea. Gypsophila paniculata, ambayo ndiyo jipsofila ya kudumu inayojulikana zaidi, asili yake ni Ulaya ya kati na ya mashariki hadi Asia ya Kati, katika nyika zenye jua kali, mvua chache na udongo wa mchanga na mawe usioshika maji. Huko imejijengea mzizi mkuu mnene unaozama chini sana kufuata unyevu, na huo ndio unaoiwezesha kuvumilia ukame baada ya kukomaa. Mmea wa namna hiyo ukiwekwa kwenye udongo mzito, wenye asidi, unaomwagiliwa kila jioni, utaugua hata kama anayeutunza ana mapenzi ya kweli.

Ni vema pia kujua ni jipsofila ipi uliyo nayo. Paniculata hudumu miaka kadhaa, hufikia urefu wa sentimita 60 hadi 120, na ikipandwa kwa mbegu kwa kawaida huchanua vizuri mwaka wa pili. Gypsophila elegans ni ya msimu mmoja: huota haraka, huchanua baada ya wiki 8 hadi 10 hivi, hudumu na maua kwa wiki chache, kisha hufa. Wapo wanaotafuta ugonjwa katika elegans iliyokauka baada ya kuchanua, ilhali mmea huo umemaliza tu maisha yake. Anayetaka maua ya elegans kwa muda mrefu hupanda mbegu kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu.

Kabla ya dawa yoyote, fukua shingo

Chochote kinachoonekana juu, hatua ya kwanza ni ileile. Chukua kijiko cha bustani au tumia vidole, uondoe udongo polepole kuzunguka shina hadi kina cha sentimita 5 hivi, bila kukata mizizi ya pembeni, mpaka uione shingo ya mmea. Kisha kwangua ganda lake kidogo kwa ukucha. Shingo yenye afya ni ngumu, na chini ya ganda rangi yake ni nyeupe au ya maziwa. Shingo iliyoanza kuoza ni ya kahawia, laini, yenye majimaji, na wakati mwingine ina harufu ya uvundo. Shika pia mzizi mmoja mwembamba uuvute taratibu kati ya vidole viwili: ukiwa mzima utakaza kama uzi mpya, lakini ukiwa umeoza ganda lake litachomoka lote na kubaki mkononi, huku uzi mwembamba wa katikati ukibaki udongoni.

Nakumbuka mmea wangu mmoja ambao majani yake yalikuwa bado ya kijani na matumba yamejaa, ila ulikuwa ukilegea mchana na kusimama tena usiku. Nilipoufukua nikakuta nusu moja ya shingo ni nyeupe na nusu ya pili ni ya kahawia iliyoiva, na mpaka kati ya sehemu hizo ulikuwa umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Upande wa kahawia ulikuwa ndio upande wa bomba la matone. Mmea ule ulikuwa ukiishi kwa nusu ya mwili wake, na hakuna jani hata moja lililokuwa limenieleza hivyo.

Ukimaliza kukagua, usirudishe udongo hadi juu ya shingo. Jipsofila nyingi huzikwa mno wakati wa kupanda, au hufunikwa baadaye kwa mboji na matandazo yanayosogezwa hadi kwenye shina. Shingo inatakiwa iwe usawa wa ardhi au juu yake kidogo, na matandazo yaanzie mbali nayo kwa upana wa kiganja. Kokoto ndogo kuzunguka shingo ni bora kuliko nyasi, kwa kuwa hukauka upesi baada ya mvua.

Mmea unalegea

Ikiwa shingo ni nzima na udongo kwenye kina cha kidole kizima umekauka, basi ni kiu ya kweli, na tiba yake ni kumwagilia polepole na kwa wingi hadi maji yazame, kisha kuacha udongo ukauke tena kabla ya kurudia. Mche uliopandwa karibuni unahitaji uangalizi huo mara moja au mbili kwa wiki kulingana na joto, kwa sababu mzizi wake mkuu haujazama. Mmea uliokomaa ardhini huhitaji maji mara chache sana. Maji kidogo kila siku ni mabaya kuliko yote: hulowesha shingo bila kufika kwenye mizizi ya chini, na huifundisha mizizi kukaa juu juu.

Ikiwa udongo una unyevu na mmea unalegea, tatizo ni kuoza. Vimelea wanaohusika zaidi ni wa makundi ya Phytophthora, Pythium na Rhizoctonia, ambao wako katika udongo mwingi na hungoja tu hali iwafae. Wawili wa kwanza hupenda udongo uliojaa maji, na mbegu zao husafiri kwa kuogelea katika maji yaliyotuama kati ya chembe za udongo. Ndiyo maana mmea mmoja ukioza mwishoni mwa tuta, wa pili kuoza mara nyingi ni ule ulio upande ambao maji huelekea. Dawa za ukungu zinaweza kuwakinga majirani ambao hawajaambukizwa, lakini haziwezi kurudisha uhai wa shingo iliyokwisha kuoza pande zote. Mmea wa namna hiyo ung'olewe pamoja na udongo unaoshikana na mizizi yake, na usitupwe kwenye lundo la mboji.

Ikiwa ni sehemu tu ya shingo iliyooza, inafaa kujaribu. Acha kumwagilia kabisa, acha shingo wazi ipate hewa na jua, punguza matawi kwa theluthi moja ili mizizi iliyobaki isielemewe, na usiweke mbolea hadi uone machipukizi mapya. Nitakuwa mkweli: mimea mingi iliyofikia hapo haiponi. Lakini inayopona hudumu, na muda wa kungoja ndio wakati mzuri wa kukagua udongo wenyewe.

Ukaguzi huo hauhitaji kifaa. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, kisha ulijaze mara ya pili na uangalie saa. Udongo unaofaa hushusha maji kwa sentimita 2 au 3 kila saa, au zaidi ya hapo. Maji yakiwa bado yametuama baada ya nusu siku, hapo si mahali pa jipsofila, na kuongeza mchanga kiasi kwenye shimo la kupandia hakutasaidia, kwa kuwa shimo lenye udongo mwepesi katikati ya mfinyanzi hugeuka kuwa ndoo inayokusanya maji ya eneo lote. Suluhisho ni kuinua: jenga tuta la sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi kwa udongo wa kichanga uliochanganywa na kokoto na mboji iliyooza vizuri, au tumia chungu kirefu chenye matundu ya kutosha. Chungu kisipungue kina cha sentimita 30, na sahani ya chini imwagwe kila baada ya kumwagilia.

Majani yanageuka manjano

Hapa swali la kwanza ni majani yapi. Majani ya chini yakianza kuwa ya manjano huku ya juu yakiwa ya kijani, mmea unahamisha chakula kutoka majani ya zamani kwenda mapya, na kwa kawaida ni naitrojeni inayopungua, au ni mizizi iliyolowa na kushindwa kuichukua. Rudi shingoni kwanza. Usiweke mbolea kwenye mizizi inayooza. Shingo ikiwa nzima, kiasi kidogo cha mboji iliyooza kabisa kinatosha. Jipsofila haili sana.

Majani mapya ya juu yakiwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, hiyo ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma, na mara nyingi chuma kimo udongoni ila kimefungwa kwa sababu ya chokaa iliyozidi. Hili huwapata watu waliosikia kwamba jipsofila hupenda chokaa, wakaimwaga kila msimu bila kupima. Mmea huu hustawi zaidi katika pH (kipimo cha asidi ya udongo; namba ikishuka, asidi huzidi) ya 6.5 hadi 7.5. Ikipita 8, hata wenyewe huanza kupata shida. Acha chokaa, ongeza mboji, na kama dalili ni kali tumia chuma cha kilimo kilichotengenezwa maalumu ili kisifungwe na chokaa.

Hali ya tatu ni mmea mzima kuwa na rangi hafifu, kudumaa, na kutoa matawi mafupi mwaka hadi mwaka bila mdudu wala kuoza. Hapo shuku asidi. Pima udongo, vipimo vidogo vya rangi vinatosha kwa kazi hii. Chini ya 6, chokaa ya kilimo inahitajika, na kiasi chake hutegemea udongo, kwani mfinyanzi hudai nyingi kuliko mchanga kufikia badiliko lilelile. Changanya chokaa na udongo miezi kadhaa kabla ya kupanda, kwa sababu hufanya kazi polepole, na usiiweke pamoja na samadi mbichi, maana ikikutana nayo hupoteza naitrojeni hewani kama gesi ya amonia.

Kuna kosa linalostahili kutajwa peke yake. Kwa kuwa jina la mmea linataja jasi, wako wanaonunua jasi wakidhani itapunguza asidi. Jasi ni salfeti ya kalsiamu. Huongeza kalsiamu na husaidia baadhi ya udongo wenye chumvi ya sodiamu, lakini haipandishi pH. Kinachopandisha ni kaboneti ya kalsiamu, yaani chokaa ya kilimo. Mifuko hiyo miwili inaweza kufanana kabisa kwa unga wake mweupe, kwa hiyo soma maandishi.

Mmea una afya lakini hauchanui

Hili ndilo linalovunja moyo kuliko yote, kwa sababu hakuna ugonjwa wa kutibu. Mmea umekaa chini kama kichaka kidogo cha majani yaliyobanana, ya kijani safi, mwezi baada ya mwezi, bila kurefusha hata shina moja la maua.

Jipsofila ya kudumu huhesabu urefu wa mchana. Katika nchi zake za asili huanza kurefuka na kuchanua pale siku za kiangazi zinapokuwa ndefu, na mchana ukiwa mfupi hubaki katika umbo la majani yaliyojikusanya ardhini. Karibu na ikweta mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima, hivyo mmea haupati kamwe ishara unayoingojea. Wanaolima jipsofila kwa ajili ya kuuza katika maeneo hayo huwasha taa usiku shambani, ama kurefusha jioni au kuukata usiku katikati kwa saa kadhaa, ili mmea uhesabu usiku kuwa mfupi. Mtu mwenye mimea michache kwenye vyungu anaweza kufanya vivyo hivyo kwa taa ya kawaida inayoning'inia juu yake na saa ya kuiwasha na kuizima, mradi taa iwake kila usiku bila kuruka kwa wiki kadhaa, hadi mashina yarefuke na matumba yaonekane.

Mwanga peke yake hautoshi ikiwa usiku ni wa baridi. Katika aina ya zamani ya Bristol Fairy, siku ndefu hazikufaa kitu pale joto la usiku liliposhuka chini ya nyuzi 12 hivi za Selsiasi; mmea ulibaki umejikusanya. Hivyo anayeishi nyanda za juu na kupanda majira ya baridi anapaswa kungoja joto lirudi kabla ya kuulaumu udongo. Aina mpya za kibiashara zimechaguliwa ziwe na masharti machache zaidi, na anayenunua miche ana haki ya kumuuliza muuzaji aina yake inahitaji mwanga wa saa ngapi. Asiye na nafasi ya kuweka taa namshauri aanze na elegans, ambayo huchanua kwa urahisi zaidi.

Sababu nyingine za kutochanua ni nyepesi kuziona. Kivuli ni ya kwanza: saa 6 za jua la moja kwa moja ndicho kiwango cha chini. Naitrojeni nyingi hujenga majani kwa gharama ya maua. Umri nao huhusika, kwani paniculata iliyotokana na mbegu huutumia mwaka wa kwanza kushusha mzizi. Na mmea uliohamishwa ukiwa mkubwa, mzizi mkuu ukakatwa, unaweza kukaa msimu mzima ukijijenga upya. Jipsofila haipendi kuhamishwa, kwa hiyo chagua mahali pake pa kudumu mapema.

Wapo pia wanaolalamika kwamba ilichanua mara moja ikanyamaza. Wingu la kwanza la maua linapofifia, kata mashina yaliyomaliza hadi juu kidogo ya majani ya chini, bila kungoja mbegu. Mmea wenye nguvu na joto la kutosha hutoa duru ya pili, japo ndogo kuliko ya kwanza.

Mashina yanalala chini

Mashina ya jipsofila ni membamba, yenye vifundo vinavyokatika kirahisi, na kichwa chake cha maua hushika maji ya mvua kama sifongo. Kulala baada ya mvua kubwa si ugonjwa. Kulala bila mvua ni dalili ya mashina yaliyorefuka kwa kukosa jua, au yaliyolainishwa na mbolea ya naitrojeni, au ya mimea iliyosongamana. Paniculata inahitaji sentimita 60 hadi 90 kati ya mmea na mmea, na elegans 20 hadi 30. Kinga ni kuweka vijiti na kamba, au wavu wa kulala juu ya vigingi, mashina yakiwa bado na urefu wa kiganja, ili yapenye yenyewe na kuuficha. Ukijaribu kuyainua yakiwa yameshalala, utayavunja kwenye vifundo.

Vaa glavu unapoyashika, hasa yakiwa makavu. Utomvu wa mmea huu huwasha ngozi za baadhi ya watu, vumbi la maua makavu huwasumbua wengine macho na pua, na paka au mbwa akila majani anaweza kutapika na kuharisha.

Mbegu hazioti, au miche inaanguka

Mbegu za jipsofila ni ndogo sana, na kosa la kawaida ni kuzizika. Zitawanye juu ya udongo mwepesi uliolowa, uzigandamize kwa kiganja, na kama ni lazima uzifunike, tumia mchanga laini usiozidi unene wa mbegu zenyewe. Kwa joto la nyuzi 20 hivi huota kati ya siku 10 na 20. Maji yapulizwe kama ukungu, kwa maana mkondo wa kopo huzikusanya mbegu zote kona moja.

Miche ikiota vizuri kisha ikaanza kuanguka kimakundi, kishina kikiwa chembamba na cheusi usawa wa udongo kana kwamba kimebanwa na uzi, hicho ni kinyausi. Vimelea ni walewale wanaoozesha shingo ya mmea mkubwa, na kasi yao kitaluni ni ya kutisha. Trei iliyojaa inaweza kubaki tupu kwa siku mbili. Ondoa eneo lililoathirika pamoja na ukingo wa miche inayoonekana mizima, acha uso wa udongo ukauke, ongeza hewa, na mara nyingine anza na udongo mpya na vyombo vilivyooshwa. Hamisha miche mapema, ikiwa na jozi mbili au tatu za majani halisi.

Mwenye mbegu za aina yenye petali nyingi asishangae miche mingine ikitoa maua ya safu moja ya petali. Aina hizo hazirudii umbo lake kikamilifu kwa mbegu, na ndiyo maana huzalishwa kwa vipandikizi au kwa tishu maabara.

Michoro, vidoa na utando kwenye majani

Michoro myeupe inayopindapinda ndani ya jani, kama njia ya konokono iliyochorwa kwa kalamu, ni kazi ya funza wa nzi mchora majani wa jenasi ya Liriomyza, msumbufu mkubwa katika mashamba ya jipsofila. Funza yumo kati ya ngozi mbili za jani, hivyo dawa ya kugusa haimfikii, ila huwaua nyigu wadogo wanaomla, na baada ya wiki chache wachora majani hurudi wengi kuliko mwanzo. Michoro ikiwa michache, chuma majani hayo uyaharibu na utundike mitego ya njano yenye gundi. Funza aliyekwisha kuwa mkubwa hutoboa jani na kuangukia udongoni kuwa pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa nzi, kwa hiyo majani yaliyochumwa yasiachwe chini ya mmea.

Vidoa vidogo vya rangi hafifu pamoja na utando mwembamba kwenye maungio ni vya utitiri wekundu, ambao huzidi wakati wa joto na ukavu. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, uligonge, na utazame vumbi lililoanguka: likianza kutembea, umepata jibu. Maji yenye nguvu yanayopigwa chini ya majani asubuhi, kwa siku kadhaa mfululizo, hupunguza wengi, ila yasielekezwe shingoni. Vidukari hukusanyika kwenye ncha changa na huondoka kwa maji ya sabuni laini. Thiripi, wadudu wadogo wembamba, huingia ndani ya matumba na kuyaacha na michirizi ya kahawia.

Kuna hali moja isiyo na tiba: maua yanapogeuka kuwa ya kijani na kufanana na majani, matawi yakichipuka mengi, membamba na ya manjano kama ufagio. Huo ni ugonjwa wa fitoplazma, aina ya bakteria, unaoenezwa na wadudu wadogo warukao wanaofyonza utomvu. Ng'oa mmea siku hiyohiyo.

Uvimbe

Uvimbe mmoja mkubwa, wenye mikunjo, uliokaa kwenye shingo au mahali kipandikizi kilipokatwa, husababishwa na bakteria, na kwa jipsofila anayejulikana zaidi ni Pantoea agglomerans. Bakteria huyu husafiri na vipandikizi na visu, kwa hiyo mmea ung'olewe na vifaa visafishwe kwa spiriti kabla ya kugusa mmea mwingine. Vifundo vidogo vingi vilivyotawanyika kwenye mizizi myembamba ni kitu tofauti kabisa, yaani minyoo fundo. Hapo ni udongo wenyewe unaohitaji kupumzishwa kwa mazao ambayo minyoo hao hawayashambulii.

Maua yanakuwa ya kahawia

Yakiwa bado shambani, ukungu wa kijivu wa Botrytis ndio wa kushukiwa kwanza, hasa palipo na unyevu mwingi na mimea iliyobanana. Punguza matawi ya katikati ili upepo upite, na umwagilie asubuhi, chini, bila kulowesha maua.

Yakiwa ndani ya chombo, tatizo mara nyingi ni wakati wa kukata. Tawi likikatwa likiwa na matumba tu, matumba hayo hayafunguki vizuri kwa maji pekee. Lililokatwa maua yote yakiwa yamefunguka huisha upesi. Kata pale karibu nusu au zaidi kidogo ya maua yamefunguka, asubuhi, na uyatie majini papo hapo. Jipsofila huathirika sana na ethilini, gesi inayotolewa na matunda yanayoiva, hivyo chombo chake kisiwekwe karibu na bakuli la matunda. Ondoa majani yote yatakayozama, kwa sababu yakioza huongeza harufu isiyopendeza ambayo maua yenyewe tayari huwa nayo kidogo.

Ukiwa unakusudia kuyakausha, ngoja hadi maua mengi yafunguke, funga mafungu membamba, na uyatundike kichwa chini mahali pakavu, penye giza na hewa. Mafungu manene hubaki na unyevu katikati, na hapo ndipo weupe huanza kugeuka. Mashina yaliyobaki bustanini pia yasiachwe yakauke na mbegu zake: huko nyikani shina la paniculata likikauka huvunjika palepale shingoni, upepo ukaliviringisha na kumwaga maelfu ya mbegu njiani. Kwa tabia hiyo mmea huu umeenea ukawa gugu sumbufu katika sehemu za Amerika ya Kaskazini, ikiwemo matuta ya mchanga ya ziwa Michigan, ambako watu hulazimika kuukata mzizi wake mkuu kwa sepetu chini kabisa ya shingo, kwa kuwa ukikatwa juu ya hapo huchipuka tena.